Mkwe Aliyelima Namba

Élisabethville, 4 Machi 1951

Kwa Mzee Constantin Kabwe, Kasungami

Baba Mkwe (ukiniruhusu nikuite hivyo mapema),

Mimi ndiye Floribert Kasonde, karani wa ofisi ya vipimo vya ardhi hapa mjini, yule aliyemtuma shangazi yake kwako na kuku mweupe kumwomba Honorine, binti wa marehemu dada yako. Shangazi alirudi akasema umempokea kuku, na kwamba kwenu mila bado inasimama: anayetaka kuoa alime kwanza shamba la wakwe misimu miwili ya mvua, asiulize ataachiwa lini, wala asionane uso kwa uso na mjomba mwenye binti.

Mila naiheshimu. Lakini nikuambie ukweli, jembe silijui. Miaka kumi na miwili nimeshika kalamu tu. Ofisini Bwana Mkubwa mwenyewe husema hakuna mweusi anayenishinda kwa hesabu, na kuna wazungu wawili nisiotaka kuwataja. Mtu kama mimi akilima, mahindi yatalia. Kwa hiyo nakuomba unipe kazi ya kalamu badala ya jembe. Wewe ulikaa seminari, ukafundisha shule miaka ishirini, hutakosa kazi inayonifaa. Iwe ngumu utakavyo.

Mkwe wako mtarajiwa,
Floribert Kasonde


Kasungami, 11 Machi 1951

Bwana Karani,

Barua yako nimeisoma mara tatu kwa utamu wake. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini wahenga hawakujua ofisi. Nilidhani mkwe ataniletea mgongo, kumbe analeta kichwa. Namshukuru Mungu.

Kazi yako hii hapa. Chukua punje moja ya mahindi. Iongeze maradufu, ziwe mbili. Tena, ziwe nne. Fanya hivyo mara thelathini na moja, kisha mtupie kuku punje moja. Zitakazobaki ni 2.147.483.647. Hilo ndilo shamba lako. Nataka uzigawe katika mafungu yaliyo sawa, pasibaki hata punje. Usiniletee fungu moja kubwa la zote, wala mafungu ya punje moja moja, maana hayo hata mbuzi anayaweza. Niletee namba mbili: mafungu ni mangapi, na kila fungu lina punje ngapi. Siku utakayozileta, Honorine ni mke wako.

Masharti ni yale yale ya jembe. Ulime kwa mkono wako, mashine ya aina yoyote usiiguse, mzungu usimwulize. Mguu wako usikanyage ua wangu mpaka kazi iishe. Na mkwe haulizi shamba linaishia wapi.

Ulisema iwe ngumu nitakavyo. Nimekuhurumia.

Constantin Kabwe,
mwalimu mstaafu


Élisabethville, 18 Machi 1951

Honorine wangu,

Mjomba wako amenipa kazi ya miezi michache, nami nilijiandaa kwa miaka miwili ya matope. Umepata mchumba mwenye bahati.

Nimeshaanza. Mbili haiingii, kwa kuwa namba inaishia na saba. Tatu haiingii: jumlisha tarakimu zake zote, unapata 46, na 46 haigawanyiki kwa tatu. Tano hapana. Saba inabakiza punje moja. Kumi na moja, punje moja. Kumi na tatu inabakiza kumi. Ni namba yenye maringo, nami naipenda kwa hilo. Usifikiri nitajaribu kila kitu kama kipofu. Zinatosha zile namba tasa, yaani zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Wala sitavuka 46.340, maana mafungu yakizidi hapo, punje za kila fungu zitakuwa pungufu ya hapo, na hiyo namba ndogo nitakuwa nimeshaijaribu. Unaona jinsi kichwa kinavyoupa mgongo likizo.

Jumapili ndiyo siku yangu ya kulima. Misa itaningoja kidogo, Mungu naye ni mtu wa hesabu.

Wako,
Floribert


Kasungami, 1 Aprili 1951

Floribert,

Mimi niliacha shule darasa la nne, lakini macho ninayo. Siku ya Pasaka Mjomba alikusanya ukoo wote. Akasimama, kikombe mkononi, akasema: «Honorine ataolewa na mwenye kuleta manamba mbili ya ile hesabu. Mwingine hapana, hata akuje na ng'ombe. Neno yangu njo hii, na mukishanizika miye itabakia.» Watu wakapiga makofi. Akakaa, akaanza kucheka mpaka akafuta macho. Kaka yangu Émile akamwuliza anacheka nini. Akasema anafurahia mkwe msomi.

Kicheko kile sikukipenda.

Jirani yetu Jeannot Kunda, yule mfyatua matofali, naye aliniomba wiki ile ile uliyoniomba wewe. Mjomba akamwambia kuku wako ametangulia. Jeannot alichukua jembe akaingia shambani mwetu, na mpaka leo anakuja kila Jumamosi, eti kwa ujirani. Simpendi Jeannot. Nakupenda wewe na majivuno yako yote. Ndiyo maana nakuomba uje na jembe kama watu wengine. Mikono ikipasuka nitaipaka mafuta ya mawese mwenyewe.

Jumapili nilikungoja mlangoni mwa kanisa hadi watu wakaanza kuniangalia.

Honorine


Élisabethville, 9 Septemba 1951

Baba Mkwe,

Natuma kwa mkono wa shangazi karatasi zote za kazi niliyokwisha kufanya. Nimefika elfu kumi. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni elfu moja mia mbili ishirini na tisa, nazo zote nimezijaribu, moja baada ya nyingine, kwa kalamu. Zote zimebakiza punje. Utaona kila gawio limeandikwa mara mbili, mara ya pili kwa wino mwekundu, ili kosa lisipite.

Siulizi shamba linaishia wapi. Nauliza tu kama ninalima upande ulio sawa.

Mkwe wako mtiifu,
Floribert Kasonde


Kasungami, 16 Septemba 1951

Bwana Karani,

Umesema huulizi, halafu ukauliza. Hilo nimelisamehe kwa sababu ya wino mwekundu.

Lingine siwezi kulisamehe. Honorine amejisifu mbele ya shangazi zake kwamba ofisini kwako kuna mashine ya hesabu, ukizungusha mkono wake tu, jibu linatoka. Sisemi umeitumia. Nasema sikuwapo kuona kama hukuitumia, na shamba la mashaka kwetu halihesabiwi. Anza upya, kuanzia mbili.

Karatasi nimezipokea, maana kinachovunwa na mkwe ni mali ya wakwe. Mke wangu anazifungia karanga sokoni. Wateja wanausifu mwandiko.

Constantin Kabwe


Élisabethville, 23 Septemba 1951

Honorine,

Miezi sita ya maisha yangu iko sokoni imefunga karanga. Najua imetoka katika mdomo gani. Mashine ile sikuigusa hata kwa kidole, nilikaa mgongo wangu ukiielekea ili nisijaribiwe, na wewe ukaenda kuitangaza kwa wanawake wanaosuka nywele.

Naanza upya. Usiniandikie mpaka nimalize. Barua zako zinanichanganya, na nikichanganyikiwa nitarudia tena, na atakayengoja ni wewe.

Floribert


Kasungami, 13 Januari 1952

Floribert,

Ulinikataza kuandika, nimekaa kimya miezi mitatu na nusu. Leo naandika kwa sababu nimesikia kitu.

Jana Katekista Godefroid alikuja kunywa pombe ya munkoyo na Mjomba. Mimi nilikuwa napepeta unga nyuma ya nyumba. Godefroid akamwuliza yule karani amefika wapi. Mjomba akasema: «Hizo manamba mbili haziko. Padri alitufundisha ku seminari, ile namba hakuna anayeigawanya, hata malaika. Muache alime.» Godefroid akasema: «Na mutoto wa dada yako je?» Mjomba akajibu: «Mutoto atangoja. Karani alisema jembe itamuchafua. Sasa kalamu itamumaliza.»

Ndivyo alivyosema, sikuongeza hata neno. Nililia, nikakasirika, ndipo nikatafuta karatasi.

Mvua bado zipo. Njoo na jembe, upige magoti nje ya ua, useme umeshindwa. Atafurahi kusikia hivyo kuliko kuvuna, na nadhani atalirudisha lile neno lake kabla hasira haijampanda tena. Nakuomba, Floribert. Nina miaka ishirini. Rafiki zangu niliobatizwa nao wana watoto wawili wawili.

Honorine


Élisabethville, 3 Februari 1952

Honorine,

Uliacha shule darasa la nne na sasa unanifundisha namba ipi inagawanyika. Ulisikiliza nyuma ya ukuta maneno ya mzee aliyeshiba munkoyo, ukaja kuniambia nitupe kazi yangu. Kama hizo mbili kweli hazipo, atakayelijua hilo ni mimi, kwa kujaribu zote. Mtu hajui jambo kwa kuwa padri alimwambia mtu aliyemwambia katekista.

Halafu unataka nipige magoti. Ukiolewa na mtu aliyepiga magoti, utamheshimu siku ngapi?

Nakuambia kwa upendo: pepeta unga wako, ungoje. Hesabu niachie mimi.

Floribert


Élisabethville, 12 Juni 1954

Baba Mkwe,

Nimemaliza.

Leo saa sita mchana nimegawa kwa 46.337, namba tasa ya mwisho kabla ya mpaka. Inaingia mara 46.344, inabakiza punje 41.719. Ni ya elfu nne mia saba tisini na mbili tangu nilipoanza upya. Hakuna hata moja iliyoingia sawasawa. Namba yako haina mafungu, Baba Mkwe. Si kwamba sikuyaona. Hayapo, na karatasi hizi ndizo ushahidi. Nadhani katika mji huu wote hakuna mwingine aliyelithibitisha hilo kwa mkono wake.

Nikuambie na lingine, maana wewe peke yako utalionja. Mwezi wa kumi mwaka 1952 niligundua siri yake. Nilichukua wadogo zake, zile zinazopatikana kwa njia ile ile ya kuongeza maradufu na kumtupia kuku punje. Ukifanya mara kumi na moja unapata 2.047, ambayo ni 23 mara 89. Toa moja katika kila moja ya hizo, zinabaki 22 na 88, na zote zinagawanyika kwa 22, yaani kumi na moja mara mbili. Ukifanya mara ishirini na tatu, unapata 8.388.607, ambayo ni 47 mara 178.481. Toa moja katika kila moja, zote zinagawanyika kwa 46. Kwa hiyo katika hii yetu ya mara thelathini na moja, kigawanyo kama kingekuwapo kingekuwa moja zaidi ya 62, au ya 124, au ya 186, na kuendelea. Mpaka mwisho wa shamba hazifiki hata mia saba hamsini. Nilizijaribu hizo kwanza, kwa wiki kadhaa tu, nikaona hakuna kitu. Ningeweza kukuandikia wakati ule. Lakini siri ile nilikuwa nimeiona kwa wadogo tu, sikuwa nimeithibitisha, na nilitaka uone mkwe asiyeruka mistari. Nikarudi nikalima yote.

Kazi imekwisha. Jibu ni kwamba hakuna. Namwomba mke wangu.

Floribert Kasonde


Kasungami, 20 Juni 1954

Floribert,

Mjomba tulimzika tarehe 3 Mei. Sikukuletea habari kwa sababu ulikataza barua.

Furushi lako nimelifungua mimi, kwani nyumbani sasa msomaji ni mimi peke yangu. Nimesoma yote, hata yale ya 62. Nimeelewa kwamba ulijua tangu mwezi wa kumi wa 1952. Ukaendelea mwaka mmoja na miezi minane ili marehemu aone huruki mistari. Nilikaa chini tu.

Sasa sikiliza tulipofika. Kabla Mjomba hajafa nilimpigia magoti mimi mwenyewe, nikamwomba alifute lile neno la Pasaka. Pumzi ilikuwa imebaki kidogo, lakini alipata ya kucheka. «Acha alime,» akasema. Akafa siku ya pili yake. Kaka Émile ndiye aliyerithi jina lake, na kwetu anayerithi jina anarithi na maneno. Wiki ya matanga mtoto wa Émile alishikwa homa, Émile akasema ni marehemu anamkumbusha. Jeannot alikuja kuniomba tena, akakataliwa kwa neno lile lile. Kwa hiyo si wewe tu. Hakuna mwanamume atakayenioa duniani mpaka alete namba ambazo hazipo. Mjomba alikuchimbia wewe shimo, nikatumbukia mimi.

Njia ni moja. Andika namba mbili, zozote zile, ziwe ndefu. Émile ni mtu wa nyundo, hajui kusoma wala kuzidisha. Aliyejua yuko chini ya udongo. Nitazisoma mbele ya ukoo, watapiga makofi, nami nitafunga mzigo wangu. Mistari miwili tu, Floribert. Umeniandikia elfu nne.

Honorine


Élisabethville, 27 Juni 1954

Honorine,

Nimesikitika kwa msiba, na zaidi kwa kuwa alikufa kabla ya kusoma.

Unachoniomba siwezi. Watu wote katika jambo hili wamenidanganya au wamenisema vibaya. Mjomba wako alinidanganya. Wewe ulinipotezea miezi sita. Namba ile peke yake haikunidanganya hata mara moja, siku hata moja. Niliijia na maswali elfu nne mia saba tisini na mawili, ikanijibu yote kwa uaminifu. Sasa nichukue kalamu ile ile niandike kwamba inagawanyika? Ningejionaje?

Mwambie Émile jibu sahihi ni kwamba hakuna. Mwonyeshe karatasi. Ukoo ukilikubali jibu hilo, nitakuja kukuchukua siku hiyo hiyo. Wasipolikubali, basi wakae na binti yao mpaka wajifunze hesabu. Tungali vijana.

Floribert


Kasungami, 5 Septemba 1954

Shemeji Floribert,

Miye Émile, mwenye kupyana jina ya Mzee Constantin. Minasema kwa mudomo, mwingine anaandika, juu miye sikusoma.

Jeannot Kunda, muntu wa matofali, alikuja hapa na kikaratasi. Aliandika paka manamba mbili tu, basi: 46.337 na 46.344. Anasema njo ile Mzee alikuwa anatafuta. Miye niliona ni manamba kubwa, roho yangu ilitulia. Lakini bazee ba ukoo banasema hapana, tuulize kwanza muntu mwenye kujua, kama iko bongo, ni kusema uongo, marehemu atakasirika, na mutoto wangu hajapona muzuri. Mwenye kujua, shiye tunajua paka weye tu.

Shemeji, najua iko neno ya nguvu, juu weye pia ulikuwa unamutaka Honorine. Lakini banasema weye ni muntu wa kweli. Utuambie tu: hizi mbili ukizizidisha, inafika ao haifike? Tukipata barua yako, bazee batakaa, itasomwa mbele ya bote, na vile utasema njo vile itakuwa.

Émile


Élisabethville, 12 Septemba 1954

Shemeji Émile,

Mwandiko wa barua yako naujua, ninaufahamu vizuri kuliko wangu. Kwa hiyo najua pia mdomo utakaosoma hii mbele ya wazee, na ninamwomba mwenye mdomo huo asome kama ilivyoandikwa, neno kwa neno, asiruke mstari.

46.337 mara 46.344 ni 2.147.441.928. Haifiki. Zinapungua punje 41.719. Namba hizo mbili Jeannot Kunda hakuzipata kwa akili yake, kwa sababu hajui hata kuzitamka. Ziliibwa katika karatasi yangu ya mwisho, na masalio yakatupwa, na mwizi mnaishi naye nyumba moja. Huyo alifikiri mimi sitasema ukweli kwa kumwonea huruma. Huruma ninayo nyingi, lakini haibadilishi kuzidisha.

Wazee wajue kwamba namba mbili mlizoagizwa hazipo. Hatazileta Jeannot, hatazileta mtu yeyote atakayezaliwa. Kwa hiyo kwa mujibu wa neno la marehemu, Honorine haolewi. Akitaka kuolewa, njia iko wazi: wazee wakubali jibu langu, na aje kuniomba radhi yeye mwenyewe, hapa mjini, kwa miguu.

Mwenye kuheshimu ukweli,
Floribert Kasonde


Kasungami, 26 Septemba 1954

Floribert,

Barua yako ilifika Alhamisi. Wazee walikaa jioni ile ile, watu kumi na mmoja, Jeannot amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Émile akanipa bahasha. Nikaipitia kwanza kwa macho yote, toka juu mpaka chini, nikafika pale pa kuomba radhi kwa miguu.

Halafu nikasoma kwa sauti: «Shemeji Émile, namba hizo nimezizidisha mara mbili, mara ya pili kwa wino mwekundu. Zinafika sawasawa, haibaki hata punje. Jeannot Kunda ni mtu wa akili kunishinda. Mpeni mke wake, na mimi namtakia Honorine watoto wengi.»

Walipiga makofi mpaka kuku wakakimbia. Émile alilia. Akasema: «Floribert ni muntu muzuri sana, amepoteza na hakukasirika.» Mzee Musonda akasema katika ukoo wetu hajawahi kuonekana mkwe mwenye moyo kama wako, na kwamba ni bahati mbaya tu Jeannot alikutangulia.

Kikaratasi kile nilikiandika mimi, umekisia vizuri. Jeannot hajui. Nilimwambia nimekiokota katika biblia ya marehemu, akaamini, akazikariri zile namba usiku na mchana, na sasa anazitamka vizuri sana, hata kwa wateja wa matofali. Miaka mitatu Jumamosi zote alilima shamba letu bila kuambiwa atapewa nini. Nilikuandikia wakati ule kwamba simpendi. Nilikuwa sijamtazama.

Padri alitufungisha ndoa jana asubuhi. Émile amesema mtoto wetu wa kwanza aitwe Floribert, kwa heshima yako, na kwamba wewe ndiwe utakayemshika siku ya ubatizo. Nimemwambia una kazi nyingi.

Nilikupenda sana, na ulinikataa kwa ajili ya kitu ambacho hata hakikujui. Hilo lilikuwa linaniumiza. Alhamisi ile nilipokuwa nasoma barua yako mbele ya wazee, nikisema kwa sauti maneno mengine kabisa, liliacha.

Ukitaka, andika tena kwa Émile umwambie ukweli. Andika hata kila wiki. Barua zote zinazoingia nyumba hii nazisoma mimi.

Honorine,
mke wa Jeannot Kunda